Mashine pepe haipati mtandao: hatua za kufuata kompyuta ikiwa na Wi-Fi, kebo na simu kwa pamoja

Wanaoanza wananiuliza swali hili karibu kila wiki. Sura hubadilika, kiini ni kilekile: "Nimeweka VirtualBox, ndani yake nimeweka Ubuntu. Kompyuta yangu inaingia intaneti bila shida, ila Ubuntu haifungui hata ukurasa mmoja." Nikiuliza kompyuta imeunganishwaje, naambiwa Wi-Fi imewashwa, kebo ya ofisini imechomekwa, na simu nayo iko kwenye USB kwa sababu intaneti ya ofisi inasuasua.

Wengi wakifika hapo hukimbilia ndani ya mashine pepe, yaani hiyo Ubuntu inayoendeshwa ndani ya VirtualBox kama kompyuta nyingine. Wanabadilisha anwani, wanafuta mafaili ya mipangilio, wengine wanaweka mfumo upya kabisa. Usifanye hivyo. Kompyuta yenye miunganisho miwili au mitatu huchagua mmoja wa kupitishia safari za intaneti. Mashine pepe nayo ama inafuata uchaguzi huo, ama imefungwa kwenye kadi moja bila kujali kompyuta imechagua nini. Ukijua yako iko upande upi, umeshapunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo tutaanzia nje, ndipo tuingie ndani.

Kompyuta halisi nitaiita mwenyeji, na mashine pepe nitaiita mgeni. Mifano yote ni ya VirtualBox, mwenyeji akiwa Windows au Linux. Watumiaji wa VMware na Hyper-V, programu nyingine za mashine pepe, nimewawekea sehemu yao karibu na mwisho. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye programu ili uyatambue.

## Andaa haya kwanza

- Akaunti yenye haki za msimamizi kwenye mwenyeji. Bila hiyo hatua ya 3 haitawezekana.
- Mgeni aliyezimwa kabisa, siyo aliyehifadhiwa kwa Save State. Aliyehifadhiwa huamka akiwa bado ameshika anwani za mtandao wa jana.
- Karatasi na kalamu. Utaandika jina la kila kadi ya mtandao, anwani yake ya IP (namba yake kwenye mtandao) na lango lake (anwani ya kifaa kinachoipitishia data kwenda nje). Ukitegemea kichwa utachanganya.
- Bando la kutosha, kama unatumia simu. Mgeni akishapata mtandao huanza kushusha masasisho bila kukuuliza, na kwa mwenyeji hakuna kitakachokuonyesha.
- Ruhusa ya msimamizi wa mtandao, kama uko ofisini au chuoni na unataka kutumia hali ya daraja (imeelezwa kwenye nadharia hapa chini). Sababu utaiona kwenye hatua ya 7.

Kwenye Windows, amri ya `VBoxManage` iko ndani ya folda `C:\Program Files\Oracle\VirtualBox`. Ingia humo kwanza kwa `cd`, la sivyo utaambiwa amri haijulikani. Ukitumia PowerShell, andika `.\VBoxManage`.

## Nadharia kidogo tu

NAT: mgeni anajificha nyuma ya mwenyeji. Anapata anwani 10.0.2.15, lango lake ni 10.0.2.2, na safari zake zote hutoka kwa njia ileile anayoitumia mwenyeji. Mwenyeji akihama kutoka kebo kwenda simu, mgeni anahama naye.

Bridged Adapter, yaani daraja: mgeni anasimama kwenye mtandao kama kompyuta nyingine inayojitegemea, akipewa anwani na ruta ileile. Anafungwa kwenye kadi moja uliyoitaja kwa jina. Kadi hiyo ikikatika, naye amekatika, hata kama mwenyeji ana miunganisho mingine mizima.

Host-only Adapter: mtandao wa ndani kati ya mwenyeji na wageni wake, kwa kawaida 192.168.56.0/24, mwenyeji akiwa 192.168.56.1. Hautoki nje kabisa.

Zipo hali nyingine, lakini kwa kazi yetu hizi tatu zinatosha.

## Hatua

### 1. Orodhesha miunganisho yote ya mwenyeji

Zima VPN (programu inayopitisha data yako kwa njia ya siri kupitia seva nyingine) kwanza kama unayo. VPN hubadilisha njia za mwenyeji, na ukiiacha utakuwa unatafuta matatizo mawili kwa wakati mmoja. Utairudisha mwishoni.

Kwenye Windows, fungua PowerShell:

```
ipconfig
Get-NetIPInterface -AddressFamily IPv4 | Sort-Object InterfaceMetric
```

Kwenye Linux:

```
ip -br addr
ip route
```

Andika kila kadi yenye anwani. Usishangae kuona nyingi kuliko ulizotarajia, kwani VirtualBox yenyewe huongeza kadi yake ya Host-only, na Hyper-V ikiwa imewashwa huongeza zinazoanza na `vEthernet`. Simu ya Android iliyochomekwa kwa USB huonekana kwenye Windows kama `Remote NDIS based Internet Sharing Device`. Kwenye Linux huitwa `usb0`, au jina refu linaloanza na `enx`.

Sasa angalia karatasi yako. Je, kadi mbili ziko kwenye mtandao wenye namba zilezile? Kwa mfano, Wi-Fi ina 192.168.1.23 na kebo ina 192.168.1.40, lakini kila moja imetoka kwenye ruta tofauti. Ruta nyingi za nyumbani zinakuja na 192.168.1.0/24 au 192.168.0.0/24, kwa hiyo hili hutokea sana mtu anapounganisha ruta mbili. Mwenyeji hawezi kujua 192.168.1.1 unayoitaka ni ipi. Usiendelee mbele kabla ya kulimaliza: ingia kwenye ruta moja uibadilishe namba zake, au chomoa muunganisho mmoja.

### 2. Jua mwenyeji anatokea wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye majibu mengi kuliko zote. Kuona alama ya Wi-Fi imejaa hakukuambii kwamba data inapita kwenye Wi-Fi. Uulize mfumo wenyewe.

Windows:

```
Find-NetRoute -RemoteIPAddress 1.1.1.1
```

Linux:

```
ip route get 1.1.1.1
```

Jibu litakutajia kadi moja. Hiyo ndiyo njia ya mwenyeji kwenda intaneti kwa sasa, na ndiyo atakayoifuata mgeni aliye kwenye NAT. Kwenye macOS amri ni `route -n get 1.1.1.1`.

Uchaguzi hufanywa kwa namba iitwayo metriki, na ndogo ndiyo inayoshinda. Windows huipanga yenyewe kwa kuangalia aina na kasi ya muunganisho, na mara nyingi kebo huishinda Wi-Fi. Kwenye Linux zenye NetworkManager (programu inayosimamia mitandao), kebo huanza na 100 na Wi-Fi na 600. Simu iliyochomekwa kwa USB huhesabiwa kama kebo, kwa hiyo zikiwa mbili utaona moja ina 100 na nyingine 101.

Metriki haipimi kama kuna intaneti upande wa pili. Ikiwa kebo ya ofisini imetoa lango, lakini mtandao huo ni wa printa na seva za ndani tu, mfumo unaweza kuendelea kuituma data kwenye kebo huku simu yenye bando imekaa bure. Vilevile, kuwa na miunganisho miwili hakukuongezei kasi. Data ya safari moja hupita njia moja.

### 3. Mpangie mwenyeji njia unayoitaka

Kama hatua ya 2 imekutajia kadi unayoitaka, ruka hii.

Windows, ukiwa umefungua PowerShell kama msimamizi, na 12 ikiwa ni namba ya kadi ya simu uliyoiona kwenye safu ya `ifIndex`:

```
Set-NetIPInterface -InterfaceIndex 12 -InterfaceMetric 5
```

Ukitaka kurudisha kama zamani:

```
Set-NetIPInterface -InterfaceIndex 12 -AutomaticMetric Enabled
```

Linux yenye NetworkManager:

```
nmcli connection show
nmcli connection modify "Jina la muunganisho" ipv4.route-metric 50
nmcli connection up "Jina la muunganisho"
```

Kama kebo haina intaneti na haitakuwa nayo, njia safi zaidi kwenye Linux ni kuikataza isijitangaze kuwa njia ya kutokea:

```
nmcli connection modify "Kebo ya ofisi" ipv4.never-default yes
nmcli connection up "Kebo ya ofisi"
```

Angalizo: ukishaihamishia intaneti kwenye simu, seva za ofisi zilizo kwenye mtandao uleule wa kebo zitaendelea kupatikana, ila zilizo kwenye mitandao mingine nyuma ya ruta ya ofisi zitapotea. Ziwekee njia yake. Mfano kwa Windows, seva zikiwa 10.20.x.x na ruta ya ofisi ikiwa 192.168.1.1:

```
route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 192.168.1.1
```

Rudia amri ya hatua ya 2. Usisonge mbele mpaka ikutajie kadi sahihi na mwenyeji afungue ukurasa.

### 4. Mweke mgeni kwenye NAT

Hata kama lengo lako la mwisho ni daraja, anzia NAT. Ikifanya kazi, umeshathibitisha kwamba mgeni mwenyewe ni mzima.

Fungua Settings ya mgeni, kisha Network, kisha Adapter 1. Hakikisha Enable Network Adapter imewekewa alama, Attached to iwe NAT, na ndani ya Advanced alama ya Cable Connected iwepo. Hiyo ya mwisho ni kebo ya kufikirika ya mgeni. Ikiwa haina alama, mgeni anaona waya umechomolewa, na hakuna amri ya ndani itakayomsaidia.

Zima Adapter 2, 3 na 4 kwa sasa. Washa mgeni.

### 5. Pima ndani ya mgeni, ngazi kwa ngazi

Usianze na kivinjari. Kivinjari kinakwambia "imeshindikana" bila kukwambia wapi. Fuata mpangilio huu, na simama penye kosa la kwanza.

a) Je, ana anwani?

```
ip -br addr
```

Kwenye VirtualBox, kadi ya kwanza ya mgeni wa Ubuntu huitwa `enp0s3`, nayo inatakiwa kuwa na 10.0.2.15. Kwa mgeni wa Windows tumia `ipconfig`. Ukiona 169.254 mwanzoni mwa anwani, maana yake mgeni aliomba anwani akakosa wa kumjibu.

b) Je, ana lango?

```
ip route
```

Mstari wa `default via 10.0.2.2` uwe mmoja tu. Ikiwa ipo miwili, soma hatua ya 6.

c) Je, anatoka nje kwa namba?

```
curl -sI https://1.1.1.1
```

Mgeni wa Windows: `Test-NetConnection 1.1.1.1 -Port 443`. Sijakuambia upige ping, na nina sababu. Ndani ya NAT ya VirtualBox ping haiaminiki, inaweza kushindwa huku kurasa zinafunguka vizuri. Nimeshaona watu wakihangaika na mgeni aliye mzima kwa sababu tu ping ilikaa kimya.

d) Je, anatafsiri majina?

```
curl -sI https://example.com
```

Ikiwa (c) imepita na hii imegoma, tatizo ni DNS (huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba), siyo mtandao. Kwenye kompyuta inayohamahama kati ya mitandao hili ndilo kosa namba moja. NAT ya VirtualBox humpa mgeni anwani za DNS zilezile za mwenyeji. Asubuhi ofisini mgeni alipewa DNS ya ofisi. Jioni mwenyeji yuko kwenye simu, lakini mgeni bado anaiuliza seva iliyobaki ofisini. Thibitisha kwa `resolvectl status`. Ukiona anwani ya DNS isiyo ya mtandao uliopo, mzime mgeni kisha kwenye mwenyeji andika:

```
VBoxManage modifyvm "seva1" --natdnshostresolver1 on
```

Weka jina la mgeni wako badala ya `seva1`. Kuanzia hapo mgeni atamwuliza mwenyeji, na mwenyeji ndiye atakayetafuta DNS ya mtandao wa wakati huo. Kwa kompyuta ya mkononi ninaiweka kwa kila mgeni tangu siku ya kwanza.

### 6. Mpe mwenyeji njia ya kumfikia mgeni

NAT humruhusu mgeni kutoka, haimruhusu mtu kuingia. Ukitaka kuingia kwa SSH (njia ya kumwendesha kwa amri kutoka kompyuta nyingine) au kufungua tovuti unayoijenga ndani ya mgeni, una njia mbili.

Ya kwanza, na ninayoipendekeza kwa anayeanza, ni kufungua poti moja, yaani mlango mmoja wenye namba (mzime mgeni kabla ya amri ya kwanza, mwashe kabla ya ya pili):

```
VBoxManage modifyvm "seva1" --natpf1 "ssh,tcp,127.0.0.1,2222,,22"
ssh -p 2222 jina@127.0.0.1
```

Haijali uko kwenye Wi-Fi, kebo au simu, kwa sababu haitoki nje ya kompyuta yako. Usiiondoe hiyo 127.0.0.1. Ukiiacha wazi, kila aliye kwenye Wi-Fi ya mgahawa anaweza kugonga mlango wa mgeni wako.

Ya pili ni kuwasha Adapter 2 kama Host-only Adapter. Inafaa ukiwa na wageni kadhaa wanaohitaji kuongea wao kwa wao. Ukiwasha kadi ya pili kwenye Ubuntu Server iliyokwisha kuwekwa, mara nyingi utaikuta `enp0s8` ipo ila imelala, haina anwani. Haijaharibika, haijaandikwa tu kwenye netplan, yaani mipangilio ya mtandao ya Ubuntu. Fungua faili lililomo ndani ya `/etc/netplan/` uliandike hivi:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: true
    enp0s8:
      addresses: [192.168.56.10/24]
```

Kisha `sudo netplan try`, ambayo hurudisha mipangilio ya zamani usipoithibitisha. Nafasi za mwanzo wa mistari ziwe za kitufe cha nafasi, siyo Tab.

Angalia vizuri: `enp0s8` haina lango. Usiiongezee. Watu huona nafasi ya lango wakahisi lazima ijazwe, wakaweka 192.168.56.1. Mgeni sasa ana milango miwili ya kutokea, mmoja hauendi popote, na intaneti inakuja na kupotea. Kadi ya Host-only haiwekewi lango, wala DNS.

### 7. Daraja, ikiwa unalihitaji kweli

Unalihitaji pale kompyuta nyingine kwenye mtandao, siyo mwenyeji peke yake, zinapotakiwa kumfikia mgeni. Kama sivyo, ishia hatua ya 6.

Tumia kebo. Kwenye Settings chagua Bridged Adapter, na kwenye Name taja kadi ileile ya kebo uliyoiandika kwenye karatasi. Usikubali iliyojichagulia. VirtualBox inaweza kukuwekea kadi isiyo na waya wowote, au ya Wi-Fi iliyozimwa. Orodha kamili, pamoja na hali ya kila kadi, unaipata kwa:

```
VBoxManage list bridgedifs
```

Kadi sahihi ina anwani ya IP na `Status: Up`.

Kwenye Wi-Fi daraja lina shida ya asili. Kituo cha Wi-Fi hupokea data kutoka kwa vifaa vilivyojisajili kwake kwa anwani zao za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kadi, na mgeni ana MAC yake ambayo haijasajiliwa. VirtualBox hujaribu kulizunguka hilo kwa kuzipachika data za mgeni MAC ya mwenyeji. Baadhi ya ruta hukubali, nyingine humnyima mgeni anwani. Mgeni akikosa anwani kwenye daraja la Wi-Fi, usitumie siku nzima kulilazimisha. Rudi NAT na ufungue poti.

Ofisini na vyuoni kuna jambo zito zaidi. Swichi nyingi (vifaa vinavyounganisha kebo za mtandao) hupangwa zikubali MAC moja tu kwa kila tundu. Ukiweka daraja, swichi inaona MAC ya pili na inaweza kulizima tundu lote, ukakosa mtandao wewe na mgeni wako mpaka msimamizi alifungue. Ndiyo maana nilitaja ruhusa mapema.

Modemu zinazopiga simu kwa programu yake na zile za ndani ya kompyuta zenye laini hazifai kwa daraja, kwa sababu kadi yake si ya Ethernet. Simu kwa USB wakati mwingine inakubali, ila usijenge kazi juu yake. Simu nyingi za Android hubadilisha MAC kila unapowasha, na kwenye Linux jina la kadi linalotokana na MAC hubadilika nalo, kwa hiyo kesho daraja lako litakuwa linaelekea kwenye kadi isiyokuwepo.

### 8. Mgeni atoke kwa simu, mwenyeji abaki kwenye kebo

Wapo wanaotaka hivi kwa makusudi, kwa mfano kujaribu huduma kupitia mtandao wa simu huku kazi za ofisi zikiendelea. NAT inaweza kufungwa kwenye anwani moja ya mwenyeji, mgeni akiwa amezimwa:

```
VBoxManage modifyvm "seva1" --natbindip1 "192.168.42.15"
```

Namba hiyo iwe anwani ya mwenyeji kwenye muunganisho wa simu. Windows ya sasa huheshimu anwani ya kutokea na hupitisha data kwenye kadi yenye anwani hiyo, alimradi kadi ina lango. Linux yenyewe haitoshi kuambiwa anwani, bado itafuata jedwali la kawaida la njia, hivyo ongeza kanuni. Hapa lango la simu ni 192.168.42.129:

```
sudo ip route add default via 192.168.42.129 dev usb0 table 100
sudo ip rule add from 192.168.42.15 table 100
```

Anwani ya simu ikibadilika, itabidi urudie yote.

## Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kunakili mgeni bila kubadilisha utambulisho wake. Unapofanya Clone, chagua kutengeneza MAC mpya kwa kadi zote. Hata hivyo, kwa Ubuntu Server haitoshi. Yenyewe huomba anwani kwa kutumia `/etc/machine-id`, na nakala ina faili lilelile, kwa hiyo wageni wawili wenye MAC tofauti hupewa IP moja. Ndani ya nakala andika `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, kisha uwashe upya.

Kushtuka kuona wageni wawili wote wana 10.0.2.15. Kwenye NAT kila mgeni ana mtandao wake peke yake, hawagongani, na pia hawaonani. Wakitakiwa kuonana tumia Host-only.

Kumpima mwenyeji wa Windows kwa ping kutoka kwa mgeni. Faiwali ya Windows mara nyingi huzuia ping zinazoingia, hasa mtandao wa Host-only unapowekwa kwenye kundi la Public. Kimya hicho hakithibitishi chochote. Jaribu kinyume chake, mwenyeji ampigie mgeni ping.

## Ukikwama

Mgeni alikuwa mzima, nimechomoa kebo nikahamia Wi-Fi, amekufa. Angalia hali yake. Kama ni daraja, bado amefungwa kwenye kebo: badilisha Name, au rudi NAT. Kama ni NAT, ni DNS, rudi hatua ya 5 (d).

Intaneti ipo, ila seva moja ya ofisi haipatikani ndani ya mgeni, kwa mwenyeji inapatikana. Angalia anwani ya seva. Ikianza na 10.0.2, inagongana na mtandao wa NAT wenyewe, na mgeni anadhani seva iko chumbani kwake. Mzime mgeni, kisha umhamishe:

```
VBoxManage modifyvm "seva1" --natnet1 "10.99.5.0/24"
```

Atapata 10.99.5.15, lango 10.99.5.2.

Kadi yangu haimo kwenye orodha ya daraja. Windows: fungua Properties ya kadi hiyo uone kama `VirtualBox NDIS6 Bridged Networking Driver` ina alama. Kama haimo kabisa, fungua tena kisakinishi cha VirtualBox na uchague Repair.

Nikiwasha VPN mgeni anapoteza mtandao, au anapita nje ya VPN. Mgeni wa NAT hupita ndani ya VPN ya mwenyeji, mgeni wa daraja hupita nje yake. Kama kazi ni ya siri na unadhani VPN inakulinda, hakikisha mgeni hayuko kwenye daraja.

Host-only inakataa namba ninazotaka. Tangu toleo la 6.1.28, kwenye Linux VirtualBox inaruhusu 192.168.56.0/21 tu. Ukitaka nyingine, ziandike ndani ya `/etc/vbox/networks.conf`, kwa mfano `* 10.50.0.0/16`.

Natumia VMware Workstation. Mantiki ni ileile: VMnet8 ni NAT, VMnet1 ni Host-only, VMnet0 ni daraja. Shida ya kompyuta yenye miunganisho mingi iko kwenye VMnet0, ambayo imewekwa Automatic na inaweza kujichagulia kadi usiyoitaka. Fungua Virtual Network Editor kama msimamizi, chagua VMnet0, kisha utaje kadi halisi.

Natumia Hyper-V. Default Switch ni NAT, na namba zake huweza kubadilika mwenyeji anapowashwa upya, kwa hiyo usimwandikie mgeni anwani ya kudumu juu yake. External ni daraja la kadi moja. Tengeneza moja ya kebo na moja ya Wi-Fi, kisha umhamishe mgeni kwenye mipangilio yake unapohama.

Bado imegoma? Unapomwomba mtu msaada, mpe matokeo kamili ya amri hizi kama maandishi, siyo picha ya skrini:

```
VBoxManage showvminfo "seva1"
route print -4
ip -br addr
ip route
```

Ya kwanza na ya pili ni kwa mwenyeji. Mwenyeji wa Linux atumie `ip route` badala ya `route print -4`. Mbili za mwisho ni ndani ya mgeni. Mweleze pia ni miunganisho ipi iliyokuwa imewashwa wakati huo, ule wenye intaneti ni upi, na umekwama kwenye herufi gani ya hatua ya 5.